Sindano Ikiwa Hewani

Fundi Saa alikuwa mtu wa kuchelewa. Kwa zaidi ya miaka arobaini alitengeneza saa za mtaa mzima, za walimu, za wauguzi, na ile kubwa ya ukutani ya posta, na zote zilitoka mezani kwake zikienda sawasawa. Mwenyewe hakuwahi kufika popote kwa wakati. Ukimlaumu alikuambia, "Kawia ufike." Akiona bado umenuna aliongeza kwamba mganga hajigangi, akarudisha lenzi yake jichoni, na mazungumzo yakaishia hapo. Harusi yake mwenyewe aliichelewa kwa saa mbili na nusu. Mkewe alizoea kusema kwamba kitu kimoja tu mumewe alikiwahi maishani, nacho ni kufa, na hapo aliwahi kupita kiasi.

Mke huyo ni fundi cherehani. Watu wanamwita Mama Vipimo, maana akikuona unapita dirishani anajua kiuno chako kina inchi ngapi, na kama zimeongezeka tangu sare za mwaka jana. Ana miaka sitini na minane, macho yake bado yanatunga uzi bila miwani, na hajawahi kuwa na haya ya kumwambia mtu ukweli kuhusu makalio yake.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu afiwe, na kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Sauti ya mumewe ilikuwa imempotea.

Uso wake aliukumbuka. Mikono yake aliikumbuka hata zaidi, vidole vile virefu vilivyoweza kuokota skurubu ndogo kuliko punje ya chumvi. Maneno yake pia alikuwa nayo, mengi, hata yale ya kipuuzi. Lakini kila alipojaribu kumsikia akiyasema, maneno yalikuja kwa sauti yake yeye mwenyewe Mama Vipimo, kama mtu anayejisomea barua. Aliketi kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, akafumba macho, akamwita kimoyomoyo. Fundi Saa alikuja na lenzi yake, akafungua mdomo, akasema kitu, na hakuna kilichosikika. Wala hakukuwa na simu ya kumtunzia sauti hiyo. Alikataa kata kata kuwa na simu, akisema ni kifaa cha kumwambia mtu kwamba amechelewa, na hilo yeye alikwisha kulijua.

Ungeanzaje kumweleza mtu? Kwamba umelala ubavuni kwa mtu miaka arobaini na minne, umegombana naye, umecheka naye, umemuuguza, kisha miaka miwili tu imetosha kukupokonya sauti yake? Aliona aibu kana kwamba ni uzembe wake, kana kwamba ameiacha mahali akasahau ni wapi.

Tumaini lake lilibaki kwenye santuri moja.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa ofisi ya wote wawili. Cherehani ilikaa upande wa dirisha, meza ya saa upande wa ukuta, na katikati, juu ya kabati la vitambaa, ilikaa gramafoni. Fundi Saa alikuwa na santuri ishirini na saba, nyingi zikiwa nyimbo za zamani za kwao alikokulia, maana alidai fundi wa saa asipokuwa na muziki atarukwa na akili kwa kusikiliza tik-tik mchana kutwa. Ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa imekwaruzwa vibaya. Ilikuwa na wimbo wa posa: kijana amefika nyumbani kwa binti, anabisha hodi, anataja alivyovileta. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri na wa pili pia. Ubeti wa tatu ulifika kwenye neno "mlangoni" na hapo sindano ikakwama, mlangoni, mlangoni, mlangoni, ikawa haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Hapo Fundi Saa aliinuka. Hata angekuwa na saa ya mtu imefumuliwa yote mezani, aliinuka, akainua sindano kwa kidole kimoja, na sindano ikiwa hewani akauimba yeye mwenyewe ule mstari ulioliwa na mkwaruzo: *Nimekuja nimechelewa, mama, nifungulie mlango.* Kisha akaishusha sindano taratibu mwanzo wa kiitikio, pale pale, bila kukosea hata mara moja, na wimbo ukaendelea. Watoto walijaribu kumwiga wakashindwa. Kidole cha namna hiyo anazaliwa nacho fundi saa peke yake.

Mama Vipimo, ambaye hakukulia kwenye nyimbo hizo na hakuzijua kabla ya kuolewa, alimtania miaka yote. "Wimbo huu unakujua," alimwambia. "Aliyeutunga alisikia habari zako." Mumewe aliitikia kwa kichwa tu, akarudi kwenye saa zake.

Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa rahisi. Atapiga santuri, sindano itakwama, ataiinua, na hapo, kwenye ukimya ule, atamsikia. Hakuwa na shaka hata kidogo. Tatizo lilikuwa kwamba gramafoni haikuzunguka. Mkanda wake wa mpira ulikauka na kukatika kipindi kile cha msiba, na mota ikabaki kunguruma bure.

Akamwita mwanawe.

Mwanawe huyo ni fundi wa mafriji, ana miaka arobaini na mitano, ndevu zimeanza mvi, anaajiri watu wawili, na mtaa mzima bado unamwita Bisibisi. Jina hilo alilipata akiwa na miaka mitano. Baba yake alikuja nyumbani na ile santuri, mpya, siku hiyo hiyo imenunuliwa, akaiweka izunguke. Mtoto akasogea kuitazama, na bisibisi aliyokuwa ameichukua mezani kwa baba ikamponyoka, ikaangukia juu ya sahani ya santuri. Mkwaruzo ule ulitokea kabla wimbo haujafika ubeti wa tatu. Fundi Saa hakumpiga, hakumfokea, lakini jina lilibaki. Na Bisibisi, kila wimbo ulipokwama, hata alipokuwa na mke na watoto wake sebuleni, aliangalia chini.

"Ichukue mashine uiangalie," mama yake alimwambia. "Na santuri hii uijaribie. Ninaitaka wiki hii."

Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Alipopigiwa simu alijibu, "Kesho, mama." Jumamosi ya tatu alifika, gari limejaa vipuri, akaingia chumba cha mbele na spika ndogo ya ukubwa wa kikombe.

"Mashine haina spea," alisema. "Mkanda wa namna ile hautengenezwi tena. Lakini kaa chini, mama. Nimekuletea kitu."

"Nina suruali sita za kukunja leo."

"Kaa kwanza."

Akakaa. Bisibisi aliiweka spika juu ya kabati, mahali pa gramafoni, akabonyeza simu yake. "Nimeutafuta wimbo wa baba wiki tatu," alisema. "Mzima, mama. Hauna mkwaruzo hata mmoja." Alikuwa anamtazama mama yake kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Mama Vipimo akaelewa kwamba mwanawe alikuwa amebeba ile bisibisi miaka arobaini, na leo alikuwa anajaribu kuitua. Akaacha kuzungumzia suruali.

Wimbo ulianza. Ulikuwa safi mno. Ngoma zilisikika kana kwamba ziko chini ya meza, na nyuma ya mwimbaji kulikuwa na wanawake wanaoitikia, ambao kwenye santuri yao hawakuwahi kusikika. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Mama Vipimo alishika magoti yake. Ubeti wa tatu ukafika mlangoni, na mwimbaji, bila kukwama, bila hata kuvuta pumzi, akaendelea:

*Nimeleta mbuzi wanne, na jogoo wa kuwika.*

Kiitikio kikapita.

"Nani huyo?" aliuliza Mama Vipimo.

"Ndiye mwimbaji, mama."

"Mbuzi wa nini? Anaimba nini huyo mtu mahali pa baba yako?"

Bisibisi alirudisha nyuma akapiga tena. Mbuzi walikuwa bado wanne. Alitafuta kwenye simu akampata mwimbaji mwingine, mzee mwenye sauti ya pua. Kwa huyo mbuzi walifika sita, ila walikuwa mbuzi tu. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeomba kufunguliwa mlango.

"Labda wamekosea," alisema Bisibisi, lakini hata yeye hakuonekana kuamini.

Mama Vipimo akakumbuka harusi ya binti yake. Bendi ilikuwa imekodiwa, na kwa heshima ya baba wa bibi harusi ikapiga wimbo huo, ukumbi mzima umesimama. Walipofika ubeti wa tatu, watu kumi na mmoja wa familia moja, yeye akiwa mbele, walipaza sauti kwamba wamekuja wamechelewa, huku ukumbi uliobaki ukiwa umeleta mbuzi. Vurugu ile aliikumbuka vizuri. Aliona bendi haina maana na ndugu wa mumewe ni wabishi. Akamgeukia Fundi Saa, akamuuliza, "Hawa ndugu zako wanaimba nini?" Naye, akiwa na leso mdomoni, mabega yanamtikisika, alijibu, "Wamesahau." Mkewe alidhani anakohoa.

"Aliutunga mwenyewe," alisema sasa, polepole.

"Nani?"

"Baba yako. Ule mstari haumo kwenye wimbo. Haukuwahi kuwamo. Aliutunga mwenyewe."

Bisibisi aliuliza kwa nini baba afanye hivyo. Siku yenyewe ilikuwa inamrudia mama yake, kipande kwa kipande.

Alikuwa amejifungua binti yao. Asubuhi ya kuruhusiwa kutoka hospitali Fundi Saa alitakiwa kumfuata saa nne. Alikaa kwenye benchi la mbao na kitoto kifuani, saa nne ikapita, saa sita ikapita, akina mama wote aliolala nao wodini wakaja kuchukuliwa na waume zao. Saa nane alibeba mwanawe na mzigo wake akaenda nyumbani peke yake. Huko nyuma Fundi Saa alifika hospitali, akakuta kitanda kimeshatandikiwa mtu mwingine. Aliporudi nyumbani alikuta mlango umefungwa kwa komeo. Alibisha. Kutoka ndani mkewe alimwambia neno moja tu, "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako," na baada ya hapo hakusema tena. Mumewe alikaa kwenye ngazi hadi jua likazama.

Mama Vipimo alikaa siku tatu bila kuzungumza naye. Siku ya nne Fundi Saa alirudi na santuri. Aliiweka izunguke bila kusema kitu, mtoto akaangusha bisibisi, wimbo ukakwama mlangoni, na Mama Vipimo, aliyekuwa ananyonyesha pale dirishani, alijiandaa kusikia kelele na kofi. Badala yake mumewe aliinua sindano. Alisimama nayo hewani kwa muda, mgongo amempa mkewe, kisha akaimba kwamba amekuja amechelewa, afunguliwe mlango. Mkewe akacheka. Alicheka hadi kichanga kikaachia titi. Akafikiri, kumbe hata nyimbo za kwao zinamsema. Na wakaanza kuzungumza tena.

Kwa hiyo miaka yote ile aliombwa radhi, tena mbele ya watu, mbele ya wateja waliofuata sketi zao, na yeye alidhani anasikiliza muziki. Alifurahi na akaumia kwa wakati mmoja, na hakujua lipi lianze.

"Santuri yangu iko wapi?" aliuliza.

Bisibisi alikuna shingo. "Ile? Ile imeharibika, mama."

"Sikukuuliza hali yake."

"Nilimpa kinyozi. Anazipachika ukutani, zinapendeza. Nilijua nimekupatia nzima, nikaona ile ya nini tena."

Mama Vipimo alisimama, akachukua mkoba wake na futi kamba, maana hatoki bila futi kamba. "Twende," alisema.

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado. Santuri kumi na mbili zilikuwa ukutani kwa safu tatu, na Mama Vipimo aliitambua yake kutoka mlangoni, kwa lile tone la rangi ya kucha ambalo Fundi Saa alimwibia mkewe ili ajue upande upi wa sahani uwe juu. Msumari ulikuwa umepigiliwa kwenye tundu la katikati. Alishukuru kimoyomoyo kwa hilo, akasogeza kiti cha kusubiria, akapanda.

"Mama, ukiitoa hiyo ukuta utabaki na pengo," kinyozi alisema, wembe hewani.

"Tundika kioo. Huyu ndugu hapa angekuwa na kioo asingekubali anavyofanyiwa."

Mteja alijipapasa kichwa kwa wasiwasi. Kinyozi akacheka, akaenda mwenyewe kung'oa msumari, akampa santuri kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mtu mtoto mchanga. Mama Vipimo akaona ni haki alipe wema huo. Alimwambia alete shuka ile anayowafunga watu shingoni, imechanika pindo, ataishona bure, na suruali aliyovaa nayo ailete, ipunguzwe inchi mbili, kwa sababu mtu wa kazi yake hapaswi kufagia nywele kwa suruali.

Waliporudi nyumbani alimwagiza Bisibisi aiingize gramafoni kutoka kwenye gari na kuifungua tumbo. Mama Vipimo alilala kifudifudi juu ya meza, akachungulia mahali mkanda unapopita, akazungusha futi kamba kwenye magurudumu mawili ya ndani, akaisoma. Kisha alikata lastiki ya kiunoni, nyembamba, ile ya sketi za watoto wa chekechea, akaunganisha ncha kwa mshono bapa usio na uvimbe. Jaribio la kwanza lililegea. Alikata robo inchi, akashona tena. Bisibisi, ambaye alikuwa amekwisha kuitangaza mashine hiyo marehemu, alishika tochi na hakutoa maoni.

Sahani ilizunguka. Ilizunguka pole kidogo kuliko zamani, lastiki ni lastiki, na mwimbaji alipoanza alisikika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Lakini mikwaruzo yote ilikuwa pale, ile mvua nyepesi nyuma ya ngoma, na Mama Vipimo alihisi chumba kimerudi kilivyokuwa. Bisibisi alipiga magoti nyuma yake, akaanza kukusanya vifaa vyake kutia mfukoni.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Mlangoni, mlangoni, mlangoni.

Mama Vipimo aliinua sindano.

Sahani ikaendelea kuzunguka chini ya kidole chake, kimya. Akafumba macho. Akamwita. Akamwona amesimama pale pale, shati lake la kijivu, lenzi imesukumwa juu ya paji la uso, akamwona akifungua mdomo. Akangoja. Hakuna kilichokuja. Akangoja tena, na hapo alihisi anafiwa mara ya pili, safari hii bila watu wa kumpa pole.

*Nimekuja nimechelewa, mama, nifungulie mlango.*

Ilitoka nyuma yake, chini, karibu na sakafu. Bisibisi hakuwa amekusudia. Katika nyumba ile sindano ikiinuliwa kuna mstari unaofuata, na mdomo wake ulikwenda wenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu huku anatafuta funguo. Hakuwahi kuimba peke yake mbele ya mama yake tangu utoto. Na akizungumza huzungumza haraka haraka, kama wajomba zake. Lakini akiimba alishuka, akatulia, sauti ikatoka kifuani, nzito kidogo, na pale kwenye "nimechelewa" ikavuta neno na kulilegeza kama mtu ambaye hajutii sana. Ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo hasa ilivyokuwa.

Mama Vipimo hakugeuka. Aliogopa kugeuka.

"Nisamehe, mama," Bisibisi alisema, amekumbuka. "Nimesahau kwamba siyo yenyewe, ni mbuzi."

"Ndiyo yenyewe. Imba tena."

"Mama, mimi sijui kui—"

"Tena."

Bisibisi akaimba tena, polepole zaidi, na machozi yalimtiririka Mama Vipimo hadi kwenye kola, akayaacha, maana mkono wake mmoja ulishika sindano na mwingine haukutaka kuondoka kwenye kabati.

"Ingia basi," alisema, akiutazama ukuta. "Komeo nililitoa mapema siku ile, hata hujamaliza kukaa kwenye ngazi. Ungesukuma tu."

Bisibisi, aliyekuwa ndani ya chumba hicho muda wote, alielewa kwamba si yeye anayeambiwa. Alibaki amepiga magoti, koleo mkononi, bila kufanya kelele, hadi mama yake aliposhusha sindano.